Nairobi, Ghuba, Ulaya au Amerika: injinia wa ndege mwenye uzoefu apime nini kabla ya kukubali kazi

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja, tuliyeanza naye kazi kwenye karakana za uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aliweka barua mbili mezani kwangu. Moja ilitoka shirika la ndege la Ghuba. Ya pili ilitoka kwa mwajiri wake wa Nairobi, aliyemwongezea mshahara mara tu aliposikia anataka kuondoka. Hata baada ya nyongeza hiyo, ile ya Ghuba ilikuwa mara mbili na zaidi. "Kaka, wewe ungechukua ipi?" Nilimwomba kwanza anisomee mstari wa cheo. Ya Nairobi iliandika mhandisi mwenye leseni, Boeing 737. Ya Ghuba iliandika fundi. Alikuwa ameisoma barua ile mara nne bila kuliona neno hilo, kwa sababu macho yalikuwa kwenye tarakimu.

Nimeifanya kazi hii miaka 18, saba kati ya hiyo nikiwa Ghuba, na sijaona kosa linalowagharimu watu wenye uzoefu kama hilo. Fundi anafungua, anabadilisha, anafunga. Mhandisi mwenye leseni ndiye anayetia saini kwamba ndege iko salama kurudi hewani, na saini hiyo ndiyo mali yetu. Kwa hiyo ninapolinganisha kazi mbili, swali langu la kwanza ni hili: nikikaa hapo miaka mitano, saini yangu itakubalika kwenye ndege nyingi zaidi au chache zaidi? Mshahara nauangalia baadaye.

Nafasi zipo, na hilo lisikutie haraka. Katika makadirio yake ya mwaka 2024, Boeing ilisema dunia itahitaji mafundi na wahandisi wapya wa matengenezo 716,000 kufikia mwaka 2043. Hayo ni makadirio ya muuza ndege, lakini hata ukiwa hangani unayaona. Wazee waliotufundisha wanastaafu, na injini za kizazi kipya zinarudi karakana mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tangu Julai 2023, Pratt & Whitney ilipotangaza kasoro kwenye unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya diski za injini zake, mamia ya Airbus A320neo yamewahi kulazwa yakisubiri ukaguzi. Mtu anayejua kuingiza kamera ya boreskopu ndani ya injini na kusoma anachokiona hana haja ya kukubali barua ya kwanza inayomfikia.

Herufi za usajili ndizo zinazoamua

Angalia ubavu wa ndege, karibu na mkia. Ndege ambayo usajili wake unaanza na 5Y inaachiliwa kurudi hewani na mtu ambaye leseni yake inatambuliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Ya 5H ni TCAA ya Tanzania, ya 5X ni mamlaka ya Uganda. A6 ni GCAA ya Falme za Kiarabu, A7 ni Qatar, A4O ni Oman. D ya Ujerumani na F ya Ufaransa ziko chini ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya. C ni Kanada, N ni FAA ya Marekani. Ukivuka mpaka, uzoefu unaubeba kichwani, lakini saini yako inabaki nyumbani mpaka mamlaka ya kule ikuruhusu.

Ndiyo maana nasema kila siku, hata kwa vijana wasionuia kwenda popote: leseni ya EASA ndiyo inayofungua milango mingi zaidi. Mashirika ya Ghuba yanaijua vizuri, na mfumo wa leseni wa GCAA umejengwa kwa mpangilio unaofanana nayo. B1 ni mwili wa ndege, injini na mitambo. B2 ni aviyoniki, yaani umeme na elektroniki za ndege. C ni ya kuachilia ndege baada ya matengenezo makubwa ya hangani. B1.1, ya ndege za injini za tabo (turbine), ina moduli 13, kila moja alama za kufaulu ni 75 kwa mia, na zote zikamilike ndani ya miaka 10. Asiyepitia chuo kilichoidhinishwa anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 5. Aliyepitia, miaka 2. Uingereza isikuchanganye: tangu mwaka 2021 ina leseni yake, si ya EASA tena.

Mitihani hiyo unaweza kuifanya moja moja ukiwa bado kazini. Kigumu ni kuthibitisha uzoefu wa kwetu mbele ya mamlaka ya nchi unayoiomba leseni. Waulize kwa maandishi watakubali nini kabla hujalipia hata moduli moja, na jibu lao ulihifadhi.

Sharti jingine watu hulisahau: ili kuitumia leseni, lazima katika miaka 2 iliyopita uwe umefanya angalau miezi 6 ya kazi inayohusiana nayo. Sasa fikiria mwenzangu na ile barua ya fundi. Ana idhini ya kutia saini kwenye 737. Anakwenda kwenye shirika lenye 777 na A380 pekee, bila saini. Miaka miwili ikipita, ile 737 yake imeanza kuchacha na hana nyingine mkononi.

Kubaki au kwenda Ghuba

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Faida ya Ghuba ya kwanza ni kodi. Dubai, Abu Dhabi na Doha hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Oman imetangaza yake kuanzia mwaka 2028, asilimia 5, lakini ni kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wetu haitatugusa. Kenya, mshahara wa mhandisi mwenye leseni unaingia upesi kwenye kiwango cha asilimia 30, kisha inakuja bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5. Tanzania kiwango cha juu ni asilimia 30, na kinaanza kwenye kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi.

Faida ya pili ni sarafu. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997. Ni utulivu, lakini haukulindi na shilingi yako mwenyewe. Mapema mwaka 2024 dola iliyokuwa inabadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya ilishuka hadi karibu 130 ndani ya wiki chache. Waliokuwa wanajenga nyumba Ruiru au Mtwapa kwa pesa ya Dubai waliliona pigo hilo kwenye kila mfuko wa saruji, na mshahara wao haukuwa umeongezeka hata fulusi moja.

Tatu ni ndege zenyewe. Emirates ilianza kupokea A350 Novemba 2024 juu ya 777 na A380 ilizonazo. Riyadh Air, iliyoanzishwa mwaka 2023, ilianza na oda ya Boeing 787-9. Mhandisi anayetoka na idhini mbili za ndege kubwa, zenye saini, ataitwa popote.

Sasa kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakupa siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Lakini hesabu inapigwa kwa mshahara wa msingi, bila posho. Chukua barua mbili, zote jumla yake ni dirham 20,000 kwa mwezi. Ya kwanza mshahara wa msingi ni 12,000 na posho 8,000. Ya pili ni 9,000 na 11,000. Kwa miaka mitano, ya kwanza inakupa kiinua mgongo cha dirham 42,000, ya pili 31,500. Barua zinalingana kwa jumla, lakini zimetofautiana dirham 10,500 mlangoni unapotoka. Naomba kila anayesoma hapa, kabla ya kujibu barua yoyote, aipige hesabu hiyo kwa kalamu.

Upande wa pili wa Ghuba ni kwamba viza yako imefungwa kwenye ajira. Mwaka 2020 mashirika ya kule yalipunguza maelfu ya watu, na familia ziliondoka na masanduku huku mwaka wa shule haujaisha. Kazi kubwa ya uwanjani ni ya usiku. Julai saa nane za usiku lami bado inatoa joto kama jiko lililofunikwa. Mwili wa miaka 32 unaweza. Wa miaka 50 unaweza pia, lakini unadai. Na hata ukikaa miaka 20, mara nyingi unabaki mgeni anayehesabiwa kwa mkataba.

Nyumbani je? Nyumbani kuna kitu ambacho barua za kazi haziandiki: upana. Kwenye shirika kubwa unaweza kukaa miaka mitatu ukishughulikia mfumo mmoja wa ndege moja. Kwetu, ndege ikikaa Kisumu au Mwanza na abiria wanasubiri, wewe ndiye injini, wewe ndiye umeme, wewe ndiye unayeongea na rubani na unayetafuta kipuri. Air Tanzania, kwa ukubwa wake mdogo, ina Q400, A220, 787, 737 MAX 9 na 767 ya mizigo. Kijana makini anaweza kukusanya hapo uzoefu ambao mwenzake wa Doha hataupata.

Lakini sitawaficha wadogo zangu ugumu uliopo. Kenya Airways ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara, Boeing 787 Dreamliner zake tatu kati ya tisa zikiwa zimekaa chini. A220 za Air Tanzania nazo zimewahi kulala kwa ajili ya injini. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliifungia Air Tanzania kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Marufuku hiyo inahusu usimamizi wa usalama. Haifuti ujuzi wa mtu. Hata hivyo, ukitoka huko kuomba leseni Ulaya, jiandae na nyaraka kuliko mwombaji mwingine.

Msimamo wangu: barua ya Ghuba ikiwa na saini, na imetaja ndege utakayoidhinishwa, nenda, na ujiwekee tarehe ya kutathmini upya. Ikiwa ni ya fundi, ikubali tu pale mkataba unapoandika ni lini watakupeleka kwenye kozi ya aina ya ndege na nani atailipia. Ahadi ya simu haitoshi. Na wakilipia wao, soma kifungu cha kurejesha gharama: mara nyingi unafungwa miaka miwili au mitatu, na ukitoka kabla unalipa. Si kifungu kibaya, mradi umekijua.

Ulaya

Ulaya pesa ya mkononi ni ndogo kuliko Ghuba ukiondoa kodi, na ardhi unayoipata ni imara zaidi. Hamburg ni makao ya Lufthansa Technik na pia Airbus inaunda ndege zake hapo. Toulouse ni makao makuu ya Airbus. Ujerumani ina Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi. Kwa mwaka 2025 mshahara wa chini wa kuipata ulikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na euro 43,759.80 kwa fani zenye upungufu, uhandisi ukiwemo. Ukiwa nayo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au 21 ukiwa na Kijerumani cha kiwango cha B1. Linganisha na ile miaka 20 ya ugeni niliyoitaja.

Kikwazo ni karatasi. Kadi hiyo inadai shahada inayotambulika, na wahandisi wetu wengi wazuri walipita njia ya diploma na leseni. Mwenye shahada kutoka Nairobi au kwingineko na miaka kumi ya hangani yuko vizuri. Mwenye diploma atapitia utambuzi wa ufundi, ambao ni mrefu na unadai Kijerumani mapema. Msidharau lugha. Kadi za kazi zinaweza kuwa za Kiingereza, lakini kikao cha kubadilishana zamu kitakuwa cha Kijerumani, na hapo ndipo kosa la usalama huzaliwa.

Kuna mlango mwingine ambao siusikii ukitajwa: Ayalandi. Dublin ndiyo mji mkuu wa biashara ya kukodisha ndege duniani, na AerCap, mkodishaji mkubwa kuliko wote, iko hapo. Ndege inaporudishwa na shirika, mwenye mali anatuma mtu kukagua mwili, injini na kila karatasi tangu ilipotoka kiwandani. Kazi hiyo haihitaji saini ya kuachilia ndege. Inahitaji jicho, uvumilivu wa kumbukumbu na Kiingereza safi. Mhandisi wa miaka 45 aliyechoka na zamu za usiku, na aliyewahi kukaa ofisi ya kumbukumbu za ndege, aanze kuangalia huko leo.

Kanada na Marekani

Kanada ina undugu na sisi ambao watu hawauoni. Cessna Caravan inayopeleka watalii Mara na Serengeti inaruka kwa injini ya PT6. Dash 8 na ATR zinazotua Wilson na Mwanza zinatumia familia ya PW100. Zote ni za Pratt & Whitney Canada, yenye makao Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montreal. PT6 imeruka kwa mara ya kwanza 1961, na zimetengenezwa zaidi ya 50,000. Wakati wengine wanatamani A350, mhandisi wa Wilson aliyefungua PT6 mara mia ana ujuzi unaotakiwa mahali ilipozaliwa. A220 nayo inaundwa Mirabel, nje kidogo ya Montreal. Ila Quebec ni Kifaransa, na leseni ya Transport Canada inaanza upya kwa mitihani yake. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaozungumza Kifaransa wanatutangulia hapo, na ni haki yao kuitumia nafasi hiyo.

Marekani nitaizungumza kwa makundi mawili. Aliye nje, anayetaka kuajiriwa moja kwa moja, njia ni nyembamba sana. Viza ya kazi ya H-1B inadai shahada na kazi inayoihitaji, na tangu Septemba 2025 kuna ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya mengi. Upande wa usanifu wa ndege za kijeshi, roketi na setilaiti kuna sheria ya udhibiti wa silaha inayoitwa ITAR: mwajiri anatakiwa kumpa kazi raia, mwenye grini kadi, mkimbizi au aliyepewa hifadhi, vinginevyo aombe kibali. SpaceX inaliandika sharti hilo kwenye matangazo yake ya kazi. Usipoteze miezi sita kutuma maombi huko.

Kundi la pili ndilo linaloniuma. Wapo waliokwenda na grini kadi mkononi, watu wa hangani kabisa, na sasa wanapakia mizigo maghalani kwa sababu waliambiwa leseni yao haitambuliki. Leseni haitambuliki, ni kweli. Uzoefu unatambulika. FAA inaruhusu mtu mwenye miezi 30 ya kazi ya mwili wa ndege na injini, iliyothibitishwa, afanye mitihani ya A&P bila kupitia chuo (ni cheti cha fundi wa mwili wa ndege na injini): ya kuandika mitatu, kisha ya mdomo na ya vitendo. Alama ya kufaulu ya kuandika ni 70. Ukishakipata, cheti hicho hakina tarehe ya mwisho. Kama una ndugu Texas au Minnesota aliyeacha spana kwa sababu hiyo, mtumie aya hii.

Wasanifu na watu wa anga za juu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu soko la nyumbani bado ni dogo. Kenya ina historia yake: setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti nyingine, Taifa-1, ilikwenda Aprili 2023. Lakini mhandisi wa usanifu anayetaka kukua leo, mlango wake wa karibu ni kubuni marekebisho ya mwili wa ndege katika kampuni zilizoidhinishwa, hasa mwenye uzoefu wa kompoziti (nyuzi za kaboni na gundi) kutoka kwenye 787. Toulouse na Hamburg zinawezekana kwake zaidi kuliko Seattle ya Boeing.

Kabla ya yote hayo, logibuku

Mwenzangu aliandika kwa shirika la Ghuba akaomba cheo kibadilishwe, au tarehe ya kozi iandikwe kwenye mkataba. Bado anasubiri jibu, na Nairobi wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Wakati akisubiri, nimempa kazi moja. Afungue logibuku yake, aandike kila kazi kwa tarehe, usajili wa ndege na sehemu husika, kisha msimamizi aliyeiona kazi aweke saini na muhuri sasa, angali bado wanakutana asubuhi kwenye chai. Nilipoondoka mara ya kwanza sikufanya hivyo. Miaka minne baadaye nilihitaji uthibitisho wa miezi tisa tu ya kazi ya injini. Karakana ilikuwa imefungwa, msimamizi amehamia nchi nyingine, na miezi ile tisa nikairudia upya, kazi ile ile, nikiwa na umri wa miaka 34.